Mwalimu Wamalwa Avuliwa Gunia

Mwalimu Wamalwa alifundisha shule ya msingi Kaptembwo kwa miaka thelathini na minne, na kila Pasaka, kwenye mchezo wa kanisani, alikuwa Pilato. Kila mwaka maneno ya Pilato yaliongezeka. Mwaka aliostaafu, Pilato alihutubu dakika kumi na tisa nzima, huku Yesu, fundi baiskeli mwenye mgongo mbovu, amesimama mbele yake akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine. Siku hizi Mwalimu anayakiri haya mwenyewe, na hata katika kukiri hurefusha maneno.

Basi Jepleting, msichana anayesimamia jumba dogo la makumbusho nje kidogo ya mji wa Nakuru, alipomwomba atunge mchezo kuhusu Hali ya Hatari ya enzi za Mau Mau, Mwalimu hakumngoja amalize sentensi. Alikubali, kisha akauliza jukwaa litakuwa upande gani na kama mahali hapo pana mwangwi.

Jepleting alimtuma Subukia kwanza, akawasikilize waliokuwepo. Huko alikaribishwa chai na bibi aitwaye Wangu, ambaye wote humwita Shosho, mama wa miaka sabini na tisa, mwembamba, mwenye macho yasiyokwepa mtu. Alikuwa na miaka tisa asubuhi ile wanajeshi walipowakusanya wafanyakazi wote wa shamba kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Watu waliketi chini, mikono kichwani, macho ardhini. Akaletwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia, msaliti wa kuwatambulisha Mau Mau. Kila aliyepita mbele yake, gakunia ama alitulia ama aliinamisha kichwa. Akiinamisha, huyo alipandishwa lori.

Jioni ile baba yake Wangu hakurudi nyumbani. Hakurudi tena. Na kwa kuwa hakuna aliyesema alimwona ndani ya lori, maneno yakaanza: yule wa gunia alikuwa yeye, kisha serikali ikamhamisha mbali na kumpa shamba. Maneno hayo yaliishi miaka sabini. Wangu alikosa mchumba kwa sababu hiyo, na mazishi ya mama yake yalihudhuriwa na watu kumi na mmoja.

"Mwalimu, mimi sitaki kitu kingine," alisema. "Hiyo mchezo yako iseme haikuwa baba yangu. Mara moja tu, mbele ya watu wa Subukia."

Mwalimu alimshika mikono yote miwili na kuahidi. Alipotoka alipitia kwa Mzee Gathogo, aliyesemekana ndiye pekee aliye hai kati ya waliobebwa na lori lile. Mzee alisema hakumbuki kitu, na kwamba ng'ombe wake wanamngoja. Alikuwa na ng'ombe mmoja.

Kuandika mchezo kulikwenda vizuri hadi Mwalimu alipojitungia sehemu yake. Alijipa mhusika wa nyapara wa reli anayekataa kuwatoa vijana wake wakamatwe, na akasema kwamba amemchota kwa babu yake mzaa baba, aliyefanya kazi stesheni ya Nakuru. Ukweli ni kwamba babu huyo, kwa ushahidi wote uliopo, wakati huo alikuwa likizo Bungoma. Hotuba ya nyapara ilifika kurasa nne. Jepleting akasema mchezo umekuwa mrefu mno, lazima kitu kitoke. Mwalimu alikaa na kalamu nyekundu mbele ya kurasa zake nne, akaona kila neno ni mboni ya jicho lake. Akatoa sehemu ya baba yake Wangu. Alijiambia ataichomeka ndani ya hotuba siku yenyewe. Mtu akishazoea kusikiliza sauti yake, hujidanganya kwa urahisi sana.

Siku ya mchezo, Jumamosi saa nane, wazee wa Subukia walipewa viti vya mbele uani mwa makumbusho. Wangu alimwita Mwalimu kando.

"Ile maneno uliweka?"

"Iko, shosho. Iko kabisa," alijibu Mwalimu, haraka kuliko inavyofaa.

Hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa Travis, aliyepewa nafasi ya gakunia. "Mwalimu, niko Salgaa, trela imelala kwa barabara, hakuna kupita." Mwalimu alihesabu vichwa. Hapakuwa na mwingine. Lakini hotuba yake ilikuwa onyesho la mwisho, kwa hiyo angeweza kuvaa gunia kwanza, alivue, avae kofia ya nyapara, na aendelee kung'ara. Alijiona mjanja.

Gunia lilikuwa limetoka sokoni na lilikuwa la vitunguu. Matundu yalikuwa yamepimwa kichwa cha Travis, kwa hiyo tundu moja lilimfikia Mwalimu kwenye paji la uso na jingine sikioni. Miwani ikaingia ukungu. Aliongozwa hadi jukwaani akipapasa hewa, na huko nje wahusika walikuwa wamechuchumaa safu moja, mikono kichwani.

Wa kwanza alipita. Mwalimu akainamisha kichwa, vizuri. Wa pili alipita, lakini Mwalimu alikuwa amegeukia upande usio wake, na akainamisha kichwa kwa heshima zote mbele ya nguzo ya veranda. Levis, kijana aliyecheza askari, alikuwa amefundishwa na Mwalimu kutii bila maswali. Akaenda kuikamata nguzo.

Vijana walioketi nyuma walicheka hadi wakashikana mabega. Wazee wa mbele hawakucheka. Ndani ya gunia Mwalimu alisikia kicheko cha nyuma tu, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kazi hii akaelewa. Kwa wale wazee, hili halikuwa gunia la mchezo.

Kisha akasikia fimbo ikigonga sakafu, polepole, ikimjia.

"Vua," alisema Wangu.

"Shosho, bado hatujafika hapo," Mwalimu alinong'ona.

"Nimesema uvue hiyo kitu."

Hakungoja. Alilishika gunia kwa juu akalivuta, likakwama masikioni, akalivuta tena. Mwalimu akatokea juani, miwani imening'inia sikio moja, maganda ya vitunguu kichwani, machozi yakimtiririka. Wangu alimshika kidevu akamgeuza uso kwa watu, kama anavyogeuzwa mtoto aliyechafuka.

"Angalieni vizuri nyinyi wa Subukia. Huyu ni baba yangu?"

Kisha akamtazama Mwalimu. "Wewe ni nani?" akamuuliza.

Mwalimu alikuwa na hotuba ya kurasa nne. Iliyotoka ni sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. "Ni Wamalwa, shosho. Mtoto wa Nanyama. Wa Kaptembwo." Nyuma wakacheka tena. Akaona heri amalize aibu yote kwa mkupuo. "Shosho, ile maneno yako sikuweka. Niliitoa, ndio nipate nafasi ya kuongea mimi."

"Najua," alisema Wangu. "Mtu mkweli hajibu haraka hivyo."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze, na vitunguu vyake. Mpaka leo hudai machozi yale yalikuwa ya vitunguu tu, na hakuna mtu amewahi kumwamini. Alifungua mdomo aombe radhi kwa kirefu, lakini mtu mwingine alikuwa amesimama. Mzee Gathogo alikuwa ameshikilia mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Wangu," alisema. "Babako alikuwa kwa lori."

Wangu alikiachia kidevu cha Mwalimu.

"Alikuwa amekaa karibu na mimi. Alikufa kambini mwezi wetu wa pili, homa. Mimi ndio nilishika miguu tukimzika."

"Na ulirudi," alisema Wangu taratibu. "Miaka sabini tunapitana kwa barabara. Unanisalimia."

"Nilirudi nikapata watu washaamua ni yeye. Ningesema sio yeye, wangetafuta mwingine. Na mimi ndio nilikuwa nimerudi mzima. Niliogopa. Nimeogopa mpaka nimezeeka."

Jepleting, aliyekuwa pembeni na karatasi za mchezo, alimtazama Mwalimu kumwuliza kama waendelee. Mwalimu alikataa kwa kichwa. Kofia ya nyapara ilikaa nyuma ya pazia, na hotuba haijasomwa mpaka leo, ingawa bado anaijua yote kwa moyo.

Wangu hakulia wala hakumtukana mzee. Alisimama pale akiegemea fimbo, gunia bado mkononi, akauliza jambo moja.

"Alisema kitu?"

"Kila mtu aliyeletwa kutoka Subukia, babako alimuuliza swali moja tu," alisema Gathogo. "Kama uliachiwa chakula ile siku. Kama ulikula."

Wangu aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha askari wa mchezo.

"Nilikula," alisema.