Ungo wa Nesi

Nesi jirani yangu hapa Makere alitoka Mbeya, na kila mwezi husema anahama. Nyama hununua kwa nadra. Hununua maharage mchanganyiko, kwa kuwa ni nafuu kuliko yaliyochambuliwa. Kila Jumamosi huketi barazani na ungo, vidole vikitenga rangi huku macho yakiwa barabarani. Nilidhani anapoteza muda.

"Ya njano huiva upesi, jirani," aliniambia. "Yakipikwa pamoja na mengine yanapondeka, mekundu bado mabichi, na kuni zimeisha."

Lakini jana nilimwona akichagua punje nono za kila rangi, akazichanganya na majivu, akazitia kwenye chupa. Mbegu hizo.

"Si unahama wewe?"

Akakaza kifuniko. "Kwani mwaka huu mvua inaanza lini?"