Tangazo Lililosomwa Ndani

Kanisa letu liko juu kidogo ya ufukwe, upande wa Ujiji, na nyuma yake kuna ukuta mfupi wa mawe unaotazama ziwa. Ukuta huo niliufahamu kabla sijaifahamu madhabahu. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, mahubiri yakiisha na wazee wakianza kufunua kitambaa cheupe, uliimbwa wimbo mmoja wa taratibu, na wimbo ule ukiimbwa, waliotengwa walitoka nje. Hakuna aliyewafukuza. Walijua wenyewe. Mama alitoka nao akiwa amenishika mkono, tukakaa ukutani na kutazama wanawake wakigeuza dagaa kwenye chanja kule chini, mpaka wenzetu walipomaliza kula na kunywa.

Alikuwa ametengwa kwa sababu yangu. Yeye hakuniambia; niliambiwa na watoto wenzangu, maana watoto ndio wanaopewa habari zote. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, alipopata mimba yangu kwa mwanamume wa maboti aliyekuwa akivusha bidhaa kutoka Kongo. Mwanamume yule alivuka kurudi kwao na hakuvuka tena. Utaratibu wa kurudi kundini ulijulikana: unahudhuria mafundisho, kisha unasimama mbele ya kanisa na kutubu, wewe na mwenzako. Mama hakuwa na mwenzake wa kusimama naye. Akaambiwa asubiri, naye akasubiri.

Katika kusubiri huko alifanya kazi. Alifagia kanisa kila Jumamosi. Alifua kitambaa cha meza kwa sabuni ya mawese na kukianika mbali na vumbi la barabara. Aliosha vikombe vya Meza ya Bwana, vile vidogo vya kioo vinavyotosha funda moja, na alivijua kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa na pengo kwenye ukingo, na kila mara alikigeuza ili pengo lielekee mbali na mkono wa mtu.

Nikiwa na miaka saba au minane nilimuuliza mbona anaviosha na hanywei.

"Vyombo havijui nani anaviosha," alisema.

"Ukiviosha sana watakuruhusu?"

"Shika ndoo, baba."

Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikufeli. Siku moja nilipanda lori la matofali la kwenda Kidahwe ili nione matofali yanachomwaje, na nilipojua yanachomwaje nikataka kujua mengine. Nimechuma kahawa Kalinzi, nimesukuma toroli la mawese sokoni, nimekaa kwenye maboti mpaka nikaota magamba. Sikukaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Nilisoma kila kilichoandikwa: magazeti yaliyofungia vitumbua, maandishi ya magunia ya mbolea, barua za watu wasiojua kusoma walionipa niwasomee. Makanisani nako niliingia, ya kila namna, mara nyingi nikakaa karibu na mlango.

Kila nilipopata nafasi nilimtumia mama kitu. Kitenge, sukari, redio, tena kitenge. Kisha nilimpigia simu na baada ya salamu nikamuuliza, "Jumapili ulikaa wapi?" Akanijibu, "Palepale." Sikumwambia mtu nilichokuwa nikifikiri, lakini nilifikiri hivi: nikituma vya kutosha, siku moja nitarudi nimkute ndani.

Mwaka juzi nilirudi. Ilikuwa Jumamosi. Alikuwa amehamia vyumba viwili huko Buzebazeba, na jirani yake, bibi Mwislamu anayeuza maandazi, aliniambia hayupo.

"Amekwenda kufagia," alisema. "Magoti yameisha, bado anafagia. Mwambie mama yako hata sisi tunaoswali mara tano tunapumzika."

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya beseni, vikombe vimepangwa juu ya taulo. Nikamwamkia shikamoo. Akanijibu marahaba, kisha akanisalimia tena kwa Kiha, "Mwakeye," kama tulivyozoea nyumbani, akanitazama miguuni kuona kama nina viatu.

Mchungaji wa sasa ni kijana, pengine ananizidi miaka miwili. Alipojua kuwa nina mikono inayoweza kazi, aliniomba nitengeneze kabati la ofisi, lililokuwa likiliwa na mchwa. Nikatoa kila kitu nje kianikwe: vitabu vya nyimbo, vyeti, madaftari ya vikao vya wazee. Mtu mwingine angeyapanga tu. Mimi niliketi chini nikaanza kusoma.

Katika daftari moja lililoliwa pembeni nikakuta kikao cha mwisho cha mchungaji wa zamani, yule mzee aliyestaafu nikiwa mdogo. Wazee walikubaliana kwamba wote waliokuwa wametengwa hadi siku ile warudishwe kundini, bila sharti lolote, kwa kuwa Kristo alikwisha kuwapokea. Chini yake kulikuwa na majina. La mama lilikuwa la nne. Pembeni, kwa wino mwingine, mtu aliandika kwamba tangazo limesomwa katika ibada ya Meza ya Bwana, baada ya wimbo.

Baada ya wimbo. Nilisoma tena mahali pale nikiwa nimekaa kwenye unga wa mchwa. Tangazo la waliokuwa nje lilisomwa ndani, wao wakiwa nje. Kwa tarehe ile nilikuwa bado darasa la sita. Bila shaka siku ile nilikuwa ukutani pamoja naye, narusha vijiwe.

Nikampelekea mchungaji daftari. Alisoma mara mbili, akaagiza aitwe mzee wa kanisa ambaye ndiye aliyesoma tangazo lile. Mzee alikuja na fimbo yake, akakumbuka vizuri.

"Nilisoma kwa sauti," alisema. "Wengine waliambiwa na ndugu zao, wakarudi. Mama yako niliona anaendelea kutoka. Nikajua ana lake."

"Hukumuuliza?"

"Mtu haulizwi lake, kijana. Ni heshima."

Na hivyo ndivyo walivyomheshimu wote. Kila mmoja alimwona akitoka, akadhani ameanguka upya, akanyamaza kwa adabu. Yeye naye aliwaona wamenyamaza, akadhani bado hajafagia vya kutosha.

Nilimkuta nyumbani anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga. Nikamweleza. Nilidhani atalia, au atapiga kigelegele. Aliendelea kuchambua.

"Nani mwingine ameona hilo daftari?"

"Mchungaji na mzee."

"La nne?"

"La nne."

Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo nimefagia bure," alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira.

Jumamosi ile hakwenda. Iliyofuata hakwenda pia, na Jumapili alikaa nyumbani, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Nilikwenda peke yangu nikakuta mchanga kwenye mabenchi, na vikombe kwenye trei vina vumbi jembamba. Niliogopa. Nilikuwa nimempelekea habari njema, nayo ilielekea kumtoa kanisani kabisa, hata pale ukutani.

Mchungaji alikuja kumwona. Walikaa mlangoni, mimi nikiwa uani natengeneza jiko, nasikia kila neno.

"Mchungaji, sikatai," mama alisema. "Ila nipange kwa utaratibu. Niweke kwenye mafundisho miezi mitatu, halafu nisimame mbele nitubu."

"Hapana, mama."

"Mwezi mmoja, basi."

"Hapana."

"Wiki mbili. Mtu hawezi kuingia hivihivi."

Maisha yangu yote nimekaa masokoni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mnunuzi akimbembeleza muuzaji apandishe bei.

"Mama," alisema mchungaji, "ningekuwa nayo bei ningekutajia. Ilikwisha kulipwa, na siyo na wewe. Yesu hakusubiri umalize kufagia."

"Unajua nimefagia miaka mingapi, wewe kijana?"

"Najua. Na tunakushukuru. Lakini ungefagia siku moja, au usingeshika fagio kabisa, jina lako lingekuwa palepale. La nne."

Nikasikia jirani anageuza maandazi kwenye mafuta.

"Wa kwanza ni nani?" mama aliuliza.

Mchungaji akamtajia. Alikuwa mwanamke wa mtaa wa pili, aliyejulikana Ujiji yote kwa kupika gongo.

"Yule?" alisema mama. "Yule hajawahi kushika hata kitambaa cha kufutia benchi."

"Ndiye wa kwanza."

Nikamsikia mama anacheka, kicheko kidogo cha puani, halafu kikamzidi, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na nilipochungulia sikuweza kusema kama bado ni kicheko.

"Basi kama amemchukua yule bila fagio," alisema, "na mimi nitafanya nini?"

Jumamosi alikwenda kuosha vikombe. Jumapili tulitoka mapema kwa miguu, kwa sababu alikataa bodaboda, akisema itamvuruga nguo. Njiani alisimama kupumzisha magoti. Akaniambia bila kunitazama, "Vitenge vimejaa sanduku. Usinitumie tena."

"Sawa, mama."

"Siyo wewe uliyenitoa nje, baba. Hata siku moja sikuwaza hivyo. Ukuta ule nilikuwa nakaa na wewe, hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda."

Tukaendelea kutembea.

Mahubiri yalikwisha, kitambaa kikafunuliwa, wimbo ukaanza. Na mama akainuka. Alikwisha kufika kizingitini, nyuma ya msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni na vijana wawili, ndipo akasimama na kunigeukia mimi niliyekuwa nimekaa kando ya mlango kama kawaida yangu.

"Miguu," alininong'oneza. "Inajua njia moja tu."

Nilisimama nikamshika mkono. Sikumvuta. Wimbo ulipofika mwisho, mchungaji alisema waliotoka warudi kwanza ndani, wote, kwa sababu kuna tangazo lao. Vijana walirudi wakitazama chini. Msichana aliingia akabaki amesimama, mtoto akinyonya kidole. Mchungaji akafungua lile daftari lililoliwa na mchwa. Alisema tangazo hili ni la zamani, na linamhusu kila aliye ukutani leo, kwa sababu aliyelitoa hajabadilika. Kisha akasoma majina. Wawili kati yao walikwisha kufariki, naye akawasoma vilevile.

Alipofika jina la nne, mama aliitika, "Abee," kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni.

Watu hawakucheka. Yule mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyeshika trei, aliteremka kutoka mbele na kuja mpaka mlangoni kwa hatua zake za pole, akasimama mbele yake. Vikombe vikagongana kwenye trei.

"Nilipaswa kukuuliza, dada," alisema.

"Na mimi nilipaswa kuuliza," mama alijibu.

Vilikuwa vimejaa vyote. Alivitazama kama mtu anayetafuta mwanawe kati ya watoto wa shule, akakipita kimoja, akakipita kingine, akachukua kile chenye pengo. Alikigeuza, pengo likaelekea upande wa pili, akanywa.

Mimi sikunywa, maana sijabatizwa. Mtoto wa aliyetengwa hakubatizwa wakati ule. Nilikaa nikimtazama. Nimezunguka sana nikitafuta mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kuingia bila kwanza kujieleza, na nilikuwa nimepapita mara nyingi nikidhani mlangoni kuna mtu anayekagua. Wiki ile nilimwambia mchungaji nataka kubatizwa. Akaniuliza kama sitapanda lori kabla ya siku hiyo. Nikamwambia sijui, nitajaribu. Akasema basi tusingoje sana, ziwa liko hapo chini.

Lakini hiyo ni baadaye. Jumapili ile, watu walipokwisha kusalimiana na kutawanyika, nilimtafuta mama nje, kwenye ukuta, nikamkuta yule msichana peke yake, naye alikwisha kunywa, anamwonyesha mwanawe maboti. Mama alikuwa ndani, amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imezama kwenye povu.

"Mbona unaviosha tena?" nilimuuliza. "Si umekwisha kuingia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Vimetumika," alisema. "Shika ndoo, baba."