Mama na treni ya Kanada

Jamani, leo mama amemliza kaka yangu aliyeko Kanada.

Kaka alipiga simu ya video akiwa safarini kwa treni. Sisi tuko nyumbani, Chanji. Akatuonyesha theluji, viti laini, hadi choo! Tukacheka.

"Mama, siyo kama ile treni yenu ya Mpanda."

Mama akaisogeza simu karibu.

"Dada yenu, mzaliwa wangu wa kwanza, alifia mapajani mwangu humo, nikimpeleka hospitali Tabora. Wanawake nisiowajua walinishika mpaka tukafika. Wewe hapo, nani atakushika?"

Kaka akaangalia abiria wenzake. Kila mtu na simu yake.

"Hakuna, mama." Machozi yakamtoka.

Mama sasa yuko jikoni peke yake.

Nami leo ndiyo nimejua niliwahi kuwa na dada. Nimuulize mama jina lake, au nimwache kwanza?