Miguu Yangu na Papa wa Jirani

Siku tivii ya saluni ilisema Papa wa Roma amekufa, nilikuwa nimeshika kichwa cha mutu. Ni hapa Mbarara, upande wa Kamukuzi, fasi ninasukia nywele. Muteja akaanza kulia, nusu ya kichwa imesukwa, nusu ingine imesimama kama majani ya mahindi. Mwenye saluni naye akalia. Hata mama mumoja aliyekuja kupaka tu rangi ya kucha akalia, rangi haijakauka.

"Huyu mzee alikuwa anajishusha," muteja akasema. "Mutu mukubwa vile, na mufuko yake anabeba mwenyewe!"

"Na kucheka na watu kama jirani," mwenye saluni akajibu.

Rafiki yangu, nikuambie ukweli? Nilisikia wivu. Wivu uleule wa utoto. Nilifikiri niliuacha Nakivale, kwenye kambi ya bakimbizi, kumbe tulipanda nao gari moja.

Kwetu Nakivale, sisi Bakongomani ba Kivu ya Kusini tulikuwa Baprotestanti, batu ba ngoma na spika yenye kukoroma. Jirani alikuwa bibi mumoja Murundi, Mukatoliki kabisa, na mujukuu wake, musichana wa umri wangu. Kati ya nyumba yetu na yao kulikuwa tu mustari wa mihogo. Na bibi yule alikuwa na Papa. Sijui niseme namna gani unisikie: alikuwa naye vile mutu ana mujomba Kampala. Alimubandika ukutani kwenye kalenda ya zamani. Mwaka wa kalenda ulishakwisha, lakini bibi alisema uso haujakwisha.

Jioni alikuwa anachemsha maharage. Akishamwaga mawese tu, harufu inavuka mihogo, inanishika pua, nami ninaifuata. Tunakaa kwenye mukeka tukipukuchua mahindi, na yeye anatupa habari za Papa. Papa alikataa nyumba kubwa. Papa anapiga simu mwenyewe, anauliza batu hali. Papa alipiga magoti, akaosha miguu ya bafungwa, akaosha ya bakimbizi, akaibusu.

"Bakimbizi kama sisi, Bibi?"

"Kama siye."

"Kwa sabuni gani?"

"Weye mutoto, hicho kinywa kitakufukuzisha hata mbinguni!" Lakini mabega yalikuwa yanamutikisika kwa kicheko.

Mimi ninacheka naye, ndani ninaungua. Sababu sisi tulikuwa na nani? Pasteri wetu alikuwa na mutu wa kumubebea Biblia, mutu wa kumushikia mwavuli, na mutu wa kuchunga bale babili. Ukimusalimia anakupa vidole tu, mukono unabaki kwake. Mutu wa kuinama mbele ya miguu yangu? Nani? Hata mama akiiona anasema, "Usikanyage mukeka yangu na ile mabaya!" Na kweli ilikuwa mabaya: vumbi mingi, magaga ya kuficha sindano, sapatu moja ya bluu na ingine ya kijani.

Basi ikafika Alhamisi ya mbele ya Pasaka. Kwenye kanisa lao padri alikuwa anaosha miguu ya batu kumi na babili, na katekista ndiye anabachagua. Siku hizo na basichana balikubaliwa, sababu Papa mwenyewe alisema ndiyo. Mwaka ule akachaguliwa nani? Mujukuu wa bibi.

Maji tulichota sisi babili, mimi ndiye nilibeba jerikani kubwa. Bibi akamusugua mujukuu asubuhi yote kwa jiwe na sabuni ya kufulia, akamupaka mafuta mpaka vidole vikang'aa kama ndizi za kukaanga.

"Padri anatoka Mbarara," mujukuu akaniringia. "Hawezi kushika magaga. Kwenu banaosha nini? Spika?"

"Na kwenu, mukishaosha hapa, padri ataosha nini? Atapiga polishi?"

Wala sikukosea. Bote baliosha miguu nyumbani, bakaenda na soksi juu ya muchanga ule wote, padri asipate haya, ao bao basipate. Nilichungulia dirishani: maji yaliingia kwenye beseni safi, yakatoka safi. Padri akainama, akabusu. Nikaondoka mbio.

Bibi aliporudi alinikuta kwenye mukeka wake, nimenuna.

"Una nini?"

"Papa wenu anapenda miguu misafi," nikasema. "Yangu akiiona, atarudi Roma kwa mbio." Nilitaka iwe muzaha.

Bibi akaingia ndani. Magoti yake yalikuwa yanamuuma, hata kukaa kwenye kiti aliguna. Akaleta beseni, akapiga magoti chini, na kitenge chake cha misa, akavuta muguu wangu. Maji yakageuka chai ya maziwa. Kwenye kidole kidogo akakuta funza.

"Ehe! Huyu naye alihamia bila kuuliza." Akachomoa pini kwenye kitenge, akamutoa. Nilipiga kelele, Bakatoliki bote bakajua.

"Papa anabusu," akasema. "Miye meno yameisha, nitakupuliza." Akapuliza.

Mujukuu alikuwa mulangoni na vidole vyake vya kung'aa. "Bibi! Mbona mimi hukunipuliza?"

Rafiki yangu, wivu wa mutu mwingine ni mutamu, acha tu.

Kisha basi za kurudi Burundi zikaja. Bibi akapanda na mujukuu, na Papa amekunjwa ndani ya kitenge. Nyumba yao mvua iliirudisha udongo. Nilipopita pale mara ya mwisho, hata mustari wa mihogo sikuuona, mutu alipanda mtama fasi yote.

Pale saluni muteja akaniangalia kwenye kioo. "Nyabo, na wewe ni Mukatoliki?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Dawa ya nywele," nikasema.

Kwenye tivii batu balikuwa bamejaa, dunia nzima inamulilia muzee mumoja. Vizuri, alistahili. Lakini bibi yangu, siku yake ikifika, ao kama ilishafika, ni tivii gani itaniambia? Nikavuta nywele, nikaendelea kusuka.