Chokaa kwenye Tangi la Marehemu

Msinicheke sana, maana sijala tangu jana. Nafanya usafi kwenye gesti ya Bi Salma, Kilwa Masoko. Ruksa ya kuagiza bidhaa nje ilipoanza, miaka ya themanini, marehemu mumewe aliagiza tangi la kioo kutoka Dubai, akafuga samaki na matumbawe. Bi Salma huwasalimia samaki hao kila asubuhi.

Juzi matumbawe yalififia. Bwana samaki, ofisa wa uvuvi, akasema maji yamepungukiwa na chokaa, iongezwe kidogo kidogo. Mimi mjuaji nikawaza: chokaa yetu ya ukuta si tunaipata kwa kuchoma matumbawe haya haya? Jana alfajiri nikamimina kopo zima la chokaa ya ukuta. Maji yakawa kama tui. Sijamaliza kupiga deki, samaki wote wanaelea.

Bi Salma akatoka chumbani. “Nani kawagusa samaki wa marehemu?”

“Sijui, bibi. Shikamoo.”

Alikuwa anaitazama mikono yangu, myeupe hadi viwikoni.