Kamba Kwenye Lango la Mokeira

Kwamboka alipewa hadi Ijumaa jua likitua. Omwenga, meneja wa kiwanda cha chai kinachotumia programu ya kompyuta aliyoiandika Kwamboka, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mkulima Machogu alionyeshwa kilo za mkulima mwingine, Obadiah, na kosa lisiporekebishwa, Jumatatu rekodi zitatiwa kufuli. Kwamboka alijua maana yake. Mizani ishirini za vituo vya kununulia majani zingesoma rekodi kwa zamu, na wakulima wangesimama mvuani majani yao yakipata joto na kuharibika ndani ya magunia.

Ana miaka thelathini na mmoja, na hufanyia kazi nyumbani kwa mama yake, kijijini Magwagwa. Katika programu yake, kila rekodi hubeba idadi ya mizani zinazoisoma. Idadi ikifika sifuri, rekodi hufutwa na nafasi yake hupewa nyingine. Kwa siku tatu alikuwa amepitia hesabu hiyo, na kila mara aliikuta sawa.

Alasiri ya Ijumaa alisikia ubishi shambani. Kwa mama yake, Mokeira, jirani anayehitaji majani ya mgomba uliokwisha kuvunwa hufunga kamba kavu shinani, na akimaliza huifungua. Mgomba usio na kamba hukatwa. Jirani yao Nyakerario alikuwa amesimama mbele ya kisiki cha mgomba uliokatwa punde.

"Mama Kwamboka, niliuona kutoka njiani. Nimekimbia kuleta kamba."

"Kamba iko mkononi mwako. Mimi nitaionaje?"

"Basi, bila majani, ugali wa Sabato nitaufunika kwa leso."

Mokeira alicheka, akamwonyesha mgomba mwingine, akatoa amri mpya: mtu afunge kamba langoni kwanza, kisha atazame kama mgomba anaoutaka bado umesimama, ndipo aingie. Yeye hatainua panga kabla ya kutazama lango.

Kwamboka alirudi mezani. Idadi ya mizani ilikaa ndani ya rekodi yenyewe. Mizani iliona anwani, yaani mahali rekodi ilipohifadhiwa, na kabla haijafika kuongeza idadi, nyingine ilimaliza na rekodi ikafutwa. Iliyochelewa ikajihesabu kwenye rekodi ya mtu mwingine iliyopewa nafasi hiyo. Sasa alitaka kila mizani iandike nje kwanza, mahali panapoonekana na zote, anwani inayoiendea; ihakikishe anwani haijabadilika; ndipo iingie na kujihesabu. Mizani inayotaka kufuta rekodi itatazama nje kwanza.

Alijaribu kwa mizani mia moja za kubuni, saa nzima. Machogu alibaki Machogu. Saa kumi na mbili na dakika kumi alituma. Omwenga akajibu: "Kufuli basi tuache."

Nje, Mokeira alisimama langoni na panga. Nyakerario alikuwa ameshachukua majani na kwenda zake, kamba yake bado inaning'inia langoni.

"Hajafungua," alisema. "Sasa mgomba wake nitaukata lini?"

Kwamboka aliitazama kamba, kisha jua, ambalo halijatua bado. Alirudi ndani, akafungua tena kompyuta, kuangalia kama kila mizani hufuta anwani iliyoandika nje inapoondoka, hata ile iliyokatikiwa umeme. Hiyo ya mwisho haikuwa ikifuta, na rekodi yake isingefutwa kamwe. Aliirekebisha, akatuma tena, akafunika kompyuta.