Shingo ya Darubini Haijibu

Goma, ukitaka kumjua mutu, angalia anachobeba siku ya kukimbia. Mimi mume wangu nilimjua hivyo, au nilifikiri nimemjua. Volkano ilipotoka, na matetemeko yakazidi mpaka tukaambiwa tuhame mji, majirani walibeba magodoro, masufuria, kuku. Yeye alibeba darubini. Na si darubini tu, alibeba hata ile mashine nzito yenye mota inayoishika na kuizungusha ifuate nyota. Mafundi wana jina lake la Kifaransa, sisi nyumbani tuliiita shingo. Padri mmoja mzee aliyemfundisha fizikia alimwachia vyote alipokuwa anarudi kwao Ulaya.

Tulitembea mpaka Sake, tukapita Lac Vert katikati ya watu wengi, yeye na shingo begani, ameifunga ndani ya kitenge changu kizuri, mimi na godoro kichwani, mama yake nyuma yetu mikono mitupu. Watu walimcheka. "Papa, huko Sake utakula nyota?" Mimi pia nilicheka, nikamtukana kidogo, maana godoro lilikuwa langu peke yangu. Lakini moyoni nilijivuna. Nilijisemea kwamba mwanaume asiyeweza kuacha chuma hawezi kuacha mke.

Mikono ya mama mukwe ilikuwa mitupu kwa makusudi. Ni mama wa Rutshuru, amelima maisha yake yote. Vita ilipomfukuza shambani mara ya kwanza, alilificha jembe lake juu ya dari akaondoka hivyo hivyo. "Jembe linabaki," aliniambia, "ili mwenye jembe arudi. Ukibeba jembe, umeaga." Na kweli alirudi akalikuta. Kwetu ndivyo mambo yanavyosomwa. Maneno ya mutu yaache yapite, tazama alichoacha nyumbani.

Basi vita ilipoanza tena kule Rutshuru, mume wangu akasema anatangulia Kampala kutafuta kazi, atarudi mambo yakitulia. Njia ya Bunagana, ile ya kuingia Uganda moja kwa moja, ilikuwa imefungwa, ikabidi apitie Rwanda. Aliondoka na kamfuko kadogo. Nilimpangia mwenyewe: mashati mawili niliyoyapiga pasi, suruali, karanga za kukaanga. Darubini na shingo yake vilibaki pembeni ya kitanda chetu. Mama mukwe aliviangalia, akatikisa kichwa ameridhika. "Huyu anarudi," akasema. Nikamsindikiza mpaka barrière, pale mpakani na Rwanda.

Majirani walianza maneno yao. Mama, huyo amekwenda. Mama, Kampala kuna wanawake. Wapi! Niliwajibu vibaya wote, maana mdomo ninao. Niliwaambia waingie chumbani waone shingo iko wapi, kisha waniambie kama mwanaume yule ni wa kuhama.

Halafu waasi wakaingia mjini. Siku za mabomu tulilala chini ya kitanda, mimi na mama mukwe, na shingo katikati yetu kama mtoto. Risasi zilipotulia shule zilikuwa bado zimefungwa, na mimi mwalimu sikuwa na wa kumfundisha. Nikaamua kuiwasha, nimwambie mume wangu kwamba kitu chake ni kizima. Shingo haihitaji nyota ili ijaribiwe. Mchana, hapo hapo mezani, unaiunganisha na kompyuta kwa kable, unabonyeza mshale kwenye kioo, nayo inageuka. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi.

Nikawasha. Taa nyekundu ya swichi ikawaka. Nikabonyeza mshale. Kimya.

Nilimpigia simu nikilia. Nilidhani nimeiharibu mimi, siku ile nilipoivuta kwa haraka chini ya kitanda. "Unisamehe," nikamwambia. "Nimekuharibia kitu chako."

"Nimekusamehe," akasema. "Usilie, sheri. Tutaitengeneza pamoja, pole pole."

Mungu wangu! Mutu yule alinisamehe!

Basi tukaanza kazi. Alikuwa anapiga mchana, umeme ukiwepo.

"Ordinateri iko naona kable?" ananiuliza, ndivyo anavyoiita kompyuta.

"Iko naona. Imeipa hata namba."

"Na shingo?"

"Haiko najibu."

"Chomoa, ngoja kidogo, chomeka upande mwingine."

Nilichomoa, nikachomeka. Alinieleza kwamba ile kable ina kiakili chake kidogo kwenye ncha, kwa hiyo kompyuta inaweza kusalimiana na kable vizuri kabisa huku shingo yenyewe haijasikia lolote. Akanifundisha kufuta ile programu inayoisaidia kompyuta kuongea na kable, kisha kuiweka upya. Tukabadilisha namba. Tukapunguza mwendo wa maongezi yao, eti pengine kompyuta inasema haraka mno. Nikasugua plagi kwa mswaki. Nikaenda kuazima kable nyingine kwa watu wa sekretaria, wale wa kupiga fotokopi pale barabarani. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: mlango umefunguliwa, hakuna anayejibu.

Na sauti yake! Tulipokuwa chini ya paa moja hakuwahi kuniongelesha kwa upole ule. Nilianza kuingoja ile simu tangu asubuhi, nikawa hata navaa kitambaa kizuri kichwani, mwanamke mjinga mimi, kana kwamba ananiona. Nikimwuliza, "Unarudi lini?" alikuwa anasema, "Kwanza ile taa, inawaka sawa au inapepesa?" Nami nageuka kuangalia taa.

Simu ikikatika, nampelekea mama mukwe habari uani kama za mgonjwa wa hospitali. "Bado, mama. Leo tumejaribu kable ya kuazima."

"Itapona," anasema. "Mwenyewe akirudi, itapona."

Sote wawili tulikuwa na swali moja tu, kama anarudi au harudi, na sote tulikuwa tumelitundika kwenye mashine ile.

Kitu kimoja alinikataza: kuifungua. Alisema ndani kuna mafuta ya pekee, vumbi likiingia imekufa. Nilitii. Ila siku moja simu haikuja, umeme upo, nami nimekaa na kitambaa changu kichwani, hasira ikanipanda. Nikajisemea, imekufa tayari, itakufa mara ngapi? Nikachukua funguo zake ndogo zilizopinda, nikatoa skrubu za kifuniko.

Mota zilikuwemo, na magurudumu yenye meno, na mafuta yanayong'aa. Katikati palikuwa patupu. Ile sahani ya umeme, akili yenyewe ya shingo, ndiyo inayosikia kompyuta na kuamuru mota, haikuwepo. Ncha za nyaya zilikuwa zimefungwa skochi nyeusi, ule utepe wa gundi wa mafundi umeme, kila moja peke yake. Skrubu nne ndogo zilikuwa zimekusanywa zikabandikwa ukutani ndani kwa skochi ile ile, na ncha ya skochi imekunjwa iwe kaulimi, ili atakayeibandua asipate shida. Mutu mmoja tu duniani hukunja skochi hivyo. Nimeishi naye, ninamjua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli, ya huyu ilifika Kampala!

Kesho yake akapiga. Nilikuwa nimekaa kitandani, kifuniko mapajani. Nikamwacha aseme.

"Leo tujaribu kitu kingine. Chomoa kable."

"Nimechomoa."

"Chomeka. Inajibu?"

"Itajibu na nini?" nikamwuliza.

Nilisikia pikipiki za huko aliko zikipita.

"Ulifungua," akasema.

"Nilifungua."

Ndipo akasema. Kuna bwana huko mwenye darubini kama ile, sahani yake iliungua. Walielewana kabla mume wangu hajaondoka: sahani kwa kazi. Kazi aliyopata ni ya bwana huyo, na nyumba anayokaa ni ya bwana huyo. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Nilijua kuna mengine nyuma ya hayo, lakini sikuyauliza. Nilimwuliza moja tu: aliibeba wapi, wakati mfuko niliupanga mimi?

"Ndani ya shati," akasema. "Lile jeupe ulilolipiga pasi."

Nikakata simu. Mama mukwe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia sauti yangu. Nikamwonyesha. Aliinama, akaingiza vidole vyake vya mkulima mle ndani, akapapasa pale patupu, akapapasa tena. Alikuwa analia bila sauti.

"Alibeba jembe," akasema.

Nilikuwa naikumbuka siku ile ya safari. Mume wangu alitaka kuushika mfuko wake mwenyewe, akaung'ang'ania kabisa, nami nikamnyang'anya nikicheka. Nikamwambia, wewe unasafiri, acha mkeo akubebee. Niliubeba mimi, kichwani, mpaka barrière.